Pilipili Kavu za Smithfield

Rosaura alipita Sydney mwezi uliopita kwa siku nne, akielekea Melbourne kwenye harusi ya mpwa wake. Tulikutana katika mkahawa mmoja karibu na stesheni ya Bankstown, hatua chache tu kutoka nyumba tuliyokuwa tukiishi pamoja. Amekata nywele, anavaa miwani, na akiinuka kitini lazima kwanza aegemee meza. Tulizungumza saa mbili nzima: magoti yake, kazi yangu, mwenye nyumba wetu wa zamani aliyekuwa akija kusikiliza mlangoni kama tumewasha hita. Hakuna aliyemtaja mzee Eusebio. Nilimsindikiza hadi jukwaani, na treni ilipokuwa inaingia alinishika kifundo cha mkono akauliza, "Bado unaota?" Nikamwambia siku hizi si sana. Akaitikia kwa kichwa, akapanda. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijua kwamba nisipouandika mwaka ule sasa, nitaendelea kuupunguza na kuusafisha kichwani mwangu hadi ufanane na jambo lililompata mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikisoma chuo kwa visa ya mwanafunzi, na nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Smithfield, penye viwanda na maghala. Rosaura alinizidi miaka kumi na mitano. Tulipanga juu ya duka la vitambaa, vyumba viwili na jiko jembamba ambamo watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kujibana kwenye friji. Yeye alitoka Puebla, Meksiko. Mimi natoka Taita. Tulisemezana kwa Kiingereza cha kazini, lakini maneno yake hunijia kwa Kiswahili kila ninapoyakumbuka, na ndivyo nitakavyoyaandika. Alikuwa mpishi mkuu wa mkahawa mmoja katikati ya mji. Mji ulipofungwa kwa mara ya pili kwa sababu ya korona, majira ya baridi, mwenye mkahawa alitia kufuli na hakupokea simu tena. Rosaura alikuwa akilipwa mkononi, kwa hiyo serikali ilipotangaza msaada hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kuajiriwa. Kwa wiki mbili alilala akiutazama ukuta. Nilimwachia chai mlangoni nikienda kazini, na nikirudi niliikuta imepoa palepale. Kisha asubuhi moja nilimkuta amepanga sufuria zote sakafuni, akizisugua. "Nitapika mole," akasema. "Nitauza."

Mole ni mchuzi mzito, mweusi, wa pilipili kavu za aina tatu zinazosagwa pamoja na lozi, ufuta, zabibu kavu, mdalasini na chokoleti kidogo, kisha humwagwa juu ya kuku. Kwao si chakula cha kila siku. Hupikwa kwenye harusi na matanga. Na mwaka ule Sydney ilikuwa na Wameksiko wengi waliokwama, waliozikiwa baba na mama zao wakitazama kwenye simu, na ambao wangetoa walichonacho kwa bakuli moja la mole lililoletwa mlangoni. Wateja hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa pilipili. Alitaka ancho, mulato na pasilla. Pilipili hizi huwa hazina ukali wa kuchoma ulimi. Moja ina utamu wa zabibu, moja ina harufu kama ya kakao, moja ina uchungu kidogo wa moshi. "Bila hizo tatu," Rosaura aliniambia, "ninauza supu ya kahawia."

Kulikuwa na duka mjini, la watu wanaopika kwa kujifurahisha, lililouza pilipili sita ndani ya mfuko unaong'aa kwa bei ya saa nzima ya kazi yangu. Ancho walikuwa nazo. Mulato zilikuwa hazijafika tangu ndege zipungue. Rosaura alihitaji kwa kilo. Aliagiza kwa mtandao kutoka jimbo jingine, tukangoja wiki tatu, na mfuko ulipofika pilipili zilikuwa zimekauka kupita kiasi, zikivunjika kama majani makavu, na chini ya mfuko kulikuwa na unga wa wadudu. Akaingia maduka ya Bankstown, kwa Wavietnamu na Walebanoni, penye magunia ya pilipili za kutoka India na China kwa bei ya chini kabisa. Aliteremsha barakoa ili anuse, muuzaji akamwambia aivute juu, akatoka nje akasimama kando ya barabara akinusa kiganja chake. Alinunua zilizokaribiana rangi, akazidanganya kwa zabibu kavu na mkate ulioungua. Tuliionja pamoja tukiwa tumesimama. Ilikuwa kali, basi. Rosaura aliimimina yote kwenye sinki, kazi ya siku mbili, akafungulia maji akasimama hapo hadi sinki likawa jeupe.

Mimi ndiye niliyempata mzee. Amri ilikuwa kwamba mtu asiende mbali na kwake zaidi ya kilomita tano, lakini mimi nilikuwa na kibali cha kwenda kazini, na baada ya zamu nilikuwa nikipitia kiwanda kidogo cha tortilla hapo Smithfield kumchukulia Rosaura chapati hizo ndogo za mahindi. Mama aliyehudumu kaunta alinisikia nikiuliza habari za mulato, akacheka kidogo ndani ya barakoa yake. "Hizo hazinunuliwi dukani," akasema. "Mwulize Eusebio. Mtaa wa tatu nyuma ya hapa, nyumba yenye vioo vya mabafu uani." Sikuelewa hadi nilipofika. Uani mzee alikuwa amejenga kibanda cha kuoteshea mimea kwa milango ya vioo iliyotupwa kutoka kwenye mabafu ya watu, mingine bado ina mpini wa kutundikia taulo. Ndani ya gereji, badala ya gari, kulikuwa na nyuzi zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye nyuzi pilipili, mamia yake, nyekundu iliyokolea, kahawia, nyeusi. Harufu yake ilikuwa kama ya matunda yaliyokaa kabatini na ngozi ya kiatu kipya.

"Umetumwa na nani?" aliniuliza. Alikuwa mfupi, na mabega mapana, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Na rafiki yangu, mzee. Anatoka Puebla."

"Puebla," akasema, kama mtu aliyetajiwa jirani waliyewahi kukosana naye. Kisha akatungua pilipili mbili zilizofanana kabisa, akaniinulia kwenye dirisha. "Angalia mwanga ukipita. Hii nyekundu, ni ancho. Hii kahawia, ni mulato. Gizani ni ndugu. Ukiuziwa, usikubali mpaka uangalie kwenye mwanga." Akaipinda moja kwa vidole, ikajikunja bila kuvunjika. "Na lazima ipindike kama ngozi."

Aliniuzia mfuko mzima kwa bei ya zile pilipili sita za mjini, akaongeza kiganja juu yake. Nilimwuliza kwa nini anauza rahisi hivyo. "Mke wangu ndiye aliyekuwa akizipika," akasema. "Mimi najua kupanda na kuanika tu. Amekufa miaka minne sasa, lakini mimea haina habari." Usiku ule Rosaura aliumwaga mfuko mezani, akachukua pilipili moja akaiweka puani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu hata nikaona aibu kumtazama.

Nikawa ninakwenda kila Jumatano. Nilijiambia ninakwenda kwa ajili ya pilipili, na Rosaura aliniambia hivyohivyo, na kweli mole yake ilikuwa imeanza kuulizwa hadi Parramatta. Lakini kilo moja ingetosha wiki tatu. Nilikwenda kwa sababu kazini wazee wangu walikuwa wamefungiwa vyumbani, na mimi niliwaogesha na kuwalisha nikiwa nimejifunika glavu na miwani ya plastiki, na wengine walinisalimu kwa jina la binti zao kwa kuwa walikuwa hawajaona uso wa mtu kwa miezi. Nilikuwa nikitoka pale na nina kiu ya kuketi mahali. Kwa mzee Eusebio kulikuwa na meza ya jikoni iliyofunikwa kitambaa cha plastiki chenye michoro ya malimau, viti viwili, redio juu ya friji. Kila siku kabla ya adhuhuri redio ile ilisoma idadi ya walioambukizwa na waliokufa, na mzee alikuwa akiieleza habari hiyo jioni kama matokeo ya mechi ambayo timu yake imeshindwa tena. Wiki ya kwanza alinipa mfuko getini. Wiki ya pili mvua ilikuwa inanyesha, akasema ingia. Wiki ya tatu alikuwa ameshanikaangia mayai kwa mchuzi wa pasilla, na maharage, na tortilla zilizopashwa juu ya moto wenyewe. Mtu hawezi kula akiwa na barakoa. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Alizungumza habari za Delia, binti yake wa pekee, aliyeishi Campbelltown na kufanya kazi katika jiko la hospitali. "Ananipigia kila jioni," alisema. "Kuja, haji. Anaogopa ataniua." Alilisema bila lawama, akifuta sahani na kipande cha tortilla. Mimi nilicheka. Nalikumbuka jambo hilo kuliko mengi: kwamba nilicheka, na yeye akacheka.

Kazini aliyenishtukia alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima, tuliyekuwa tukigawana zamu. Alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akanusa hewa. "Mufuko yako inanuka pilipili kila Alhamisi," akasema. "Uko napita wapi mbele ya kurudi kwako?"

"Kuna mzee ananiuzia, Mama Furaha. Napita tu."

"Unapita, ao unaingia?"

Nikafunga kabati langu. Alikaa kwenye benchi akaanza kufunga kamba za viatu, polepole, kama anayefundisha mtoto. "Mutoto yangu, sisi tunatoka ku bagonjwa. Ile muzee iko peke yake? Basi umuache peke yake. Hii mwaka, kupenda mutu ni kubakia mbali." Nilimwambia nimemsikia. Alikuwa na haki ya kuniripoti na hakuniripoti, na sijui hadi leo kama alinifanyia wema. Jumatano iliyofuata nilikwenda, kwa sababu Rosaura alikuwa na oda ya matanga ya watu arobaini, kila nyumba na sahani yake, na pasilla zilikuwa zimekwisha. Mzee alikuwa ameshapika. Nilikaa saa nzima na zaidi. Koo lilikuwa linanikwaruza kidogo, nikadhani ni moshi wa kikaango.

Ijumaa majibu ya kipimo cha kazini yakaja: ninao ugonjwa. Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu na msichana wa idara ya afya, sauti ya upole, imechoka. Rosaura alikuwa ng'ambo ya meza anamenya vitunguu saumu. Msichana alitaka siku zangu moja baada ya nyingine. Tulipofika Jumatano aliuliza, "Baada ya kazi ulikwenda wapi?" Nikamwambia kiwanda cha tortilla, dakika tano, na barakoa usoni. "Baada ya hapo?" Stesheni. "Hukuingia nyumbani kwa mtu yeyote?" Rosaura alikuwa ameacha kumenya. Kuingia nyumba ya mtu kulikuwa kosa la faini, na katika kundi letu la Wakenya kwenye simu watu walisimuliana kila siku kuhusu fulani aliyepoteza kazi, fulani aliyeandikiwa barua kuhusu visa. Sijui ni mangapi yalikuwa kweli. Nilizifikiria ada zangu za chuo, nikayafikiria mayai, nikasema, "Hapana." Nilisikia vidole vyake kwenye kibodi. "Asante," akasema, "umenisaidia sana."

Rosaura alikitazama kisu chake. "Utampigia mwenyewe," akasema, na hakuwa ananiuliza.

Nilimpigia. Simu yake ilikuwa ya mezani, ukumbini, na mchana alikuwa uani asikokuwa akiisikia. Nilipiga Jumamosi mara mbili. Jumapili homa ilinilaza na Rosaura naye akaanza kukohoa. Jumatatu akapokea. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, hata nimeyasema peke yangu mbele ya kioo cha bafuni. Lakini aliposema, "Binti, umepotea," sauti yake ikiwa tayari ina mkwaruzo, nilimwambia, "Nina mafua kidogo, mzee. Nawe jiangalie." Akanieleza nichemshe gome la mdalasini ninywe na asali. Nikamwambia aende akapimwe, siku hizi watu wote wanapimwa. Akasema baridi ya Agosti humshika kila mwaka. Hilo ndilo nililofanya. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine miaka yote hii, kwamba nilimwonya, kwamba nilimwambia akapimwe, na kila neno ni la kweli.

Siku zangu za kujitenga zilipokwisha nilirudi kazini, na jioni ya kwanza nikaenda hadi mtaa wa tatu. Gereji ilikuwa imefungwa. Mama wa kiwanda cha tortilla ndiye aliyeniambia: jirani alimwona mzee ameketi kwenye ngazi ya nyuma asubuhi, hawezi kuinuka, akaita ambulensi. Alikaa hospitali siku kumi na moja. Alikuwa amepata chanjo ya kwanza, akingoja ya pili. Alizikwa na watu kumi, kama ilivyoruhusiwa, na mimi sikuwa miongoni mwao.

Mwezi wa kumi mji ulifunguliwa. Watu wa Bankstown walijaa madukani, wakikumbatiana barabarani, na mimi nilikuwa nikishuka stesheni nikiwapita kama niliyevaa nguo zilizolowa. Siku moja nilipita kwa mzee nikakuta geti wazi na mwanamke mwenye mabega yaleyale mapana akitoa masanduku. Alinitazama kidogo. "Wewe ndiye msichana wa pilipili," akasema. Nikasema ndimi. Alivua glavu akanipa mkono. "Baba alikuwa akikutaja kila jioni. Aliniambia unasimama barabarani, yeye anakuwekea mfuko juu ya nguzo ya geti, halafu mnaongea kwa kupigiana kelele." Akatabasamu. "Nashukuru kwa kuwa ulikuwa mwangalifu naye. Mimi nilikaa wiki tisa sijamwona, nisije nikamletea ugonjwa kutoka hospitali. Na bado hatujui aliupata wapi."

Mzee alikuwa amemdanganya binti yake asiwe na wasiwasi. Badala ya kumwambia kweli nilisimama nikimtazama akiingia gereji. Alitoka na magunia mawili. "Mimi sijui kuzipika," akasema. "Zichukue. Yeye angetaka." Nilimwuliza bei. Akatikisa kichwa. Nilizibeba hadi kituo cha basi, mabega yote mawili, pilipili ambazo tulizitafuta mji mzima na ambazo sasa nilipewa bure.

Rosaura hakuzigusa wiki nzima. Magunia yalikaa kati ya friji na ukuta, tukawa tunapita kwa ubavu. Siku ya nane nilimkuta anazichagua mezani, akiinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. "Hizi siuzi," akasema. "Nitapika mara moja, tumpelekee yule binti. Na wewe utamwambia." Nilianza kusema jambo kuhusu visa. "Mimi nilikuwa nimekaa hapa," akanikatiza, akigonga kiti chake. "Nilisikia kila neno na nikaendelea kumenya. Tutakwenda wote wawili."

Safari ya treni kwenda Campbelltown ni ndefu. Sufuria ilikuwa mapajani mwa Rosaura, imefungwa kwa taulo, na behewa zima likanukia. Delia aliishi katika nyumba ndogo ya matofali, sebuleni masanduku ya baba yake bado hayajafunguliwa. Alifurahi kutuona. Aliweka sahani tatu, akala kijiko cha kwanza, akaacha kutafuna. "Ni ya mama yangu," akasema. Rosaura akanitazama. Nikasema.

Nilisema yote: kiti, mayai, barakoa mfukoni, msichana wa idara ya afya, mafua. Delia alisikiliza akiwa ameshika kijiko. Kisha akauliza maswali machache, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejaza fomu. Tulikuwa tukikaa wapi. Jikoni. Yeye upande gani. Wa dirishani.

"Jumamosi ile ulipopigiwa simu, alikuwa ameanza kukohoa?"

"Hapana. Nafikiri bado."

"Ningekwenda," akasema. "Ningejua, ningekwenda siku ileile. Nisingejali kitu."

Rosaura alikuwa akilia bila sauti, mikono imefumbatwa mapajani. Nilisema samahani, na neno lilipotoka nililisikia lilivyo dogo. Delia alisimama, akaichukua sufuria mezani ikiwa bado imejaa zaidi ya nusu. "Kuna treni ya saa tisa na dakika kumi," akasema, akaingia nayo jikoni, akaurudisha mlango.

Tulivaa viatu. Tulisikia maji yakifunguliwa, sufuria ikigonga sinki, brashi ikisugua kwa muda mrefu. Alipotoka alimkabidhi Rosaura sufuria imeoshwa na kukaushwa, na taulo imekunjwa ndani yake. Hakututazama. Mole ile aliitia kwenye friji au aliimwaga, sijui. Hatukuuliza, na mlango ulifungwa taratibu nyuma yetu.